Dawa za maumivu: kabla hazijakufikisha kitengo cha dharura

Maswali yanayotufikia kuhusu dawa za maumivu yanafanana mno. Msomaji anaanza hivi: "Nina maumivu ya mgongo, nimetumia diklofenaki miezi mitatu sasa, kuna tatizo?" Mwisho kabisa anaongeza lile linalomnyima usingizi: "Na nikizidiwa usiku, bima sina, hospitali watanipokea?"

Maswali hayo mawili yanakwenda pamoja. Kidonge kinachonunuliwa kwa fedha isiyofika bei ya soda, kikitumiwa vibaya, ndicho kinachokuja kuuza kiwanja cha familia. Na mara nyingi bili haivimbi kwa sababu ya ugonjwa peke yake. Inavimba kwa sababu mgonjwa alisubiri siku mbili nyumbani akiogopa bili yenyewe. Kwa hiyo makala haya yanashika pande zote mbili: kidonge na gharama.

Jua jina la unachomeza

Simama kwenye duka la dawa lolote la mtaani jioni, watu wanapotoka kazini. Mteja anasema, "Nipe dawa ya maumivu." Mtoa dawa anachukua mkasi, anakata vidonge sita, anavitia kwenye kibahasha, anaandika 1×3 kwa kalamu. Jina la dawa, uzito wake na tarehe ya kuisha muda vimebaki kwenye kile kipande alichokirudisha kwenye boksi. Mteja huyo akianguka usiku, ndugu zake watamwonyesha daktari kibahasha chenye "1×3" na hakuna kingine.

Fanya hivi kila unaponunua:

- Omba jina la dawa na idadi ya miligramu viandikwe kwenye bahasha.
- Piga picha ya boksi kwa simu kabla halijarudishwa kwenye shelfu.
- Uliza: "Hii ni ya familia gani?" Mfamasia ataelewa swali lako.

Familia ziko tatu, na kuzijua kunakuepusha na nusu ya ajali:

- Parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol. Ikizidishwa, inaua ini.
- Ibuprofeni (Brufen), diklofenaki (Voltaren), aspirini, meloksikamu, piroksikamu. Hizi hupunguza uvimbe na maumivu. Zikitumiwa vibaya huchubua tumbo, huumiza figo na kupandisha presha.
- Tramadoli (Tramal), kodeini, pethidini, mofini. Hizi ni jamii ya afyuni. Hulevya, hujenga utegemezi, na zikizidi huzima pumzi.

Kosa kubwa la kila siku ni kumeza dawa mbili za familia moja ukidhani ni dawa mbili tofauti: Brufen asubuhi ya kichwa, diklofenaki jioni ya goti. Kosa pacha lake ni kumeza kidonge cha mchanganyiko chenye parasetamoli ndani, kisha kuongeza Panadol juu yake. Hata dawa nyingi za mafua zina parasetamoli. Soma boksi.

Vipimo vya juu kwa mtu mzima

Viwango hivi ni ukomo. Hakuna anayelazimika kuvifikia.

- Parasetamoli: gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukiacha angalau saa 4 kati ya dozi na dozi. Mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa kila siku, au mtu mwenye uzito mdogo sana anatakiwa kutumia pungufu, kwa ushauri.
- Ibuprofeni bila usimamizi wa daktari: miligramu 1,200 kwa siku.
- Diklofenaki: miligramu 150 kwa siku, na ni kwa siku chache tu.
- Tramadoli: miligramu 400 kwa siku, kwa cheti cha daktari, na wengi hawahitaji kiasi hicho.

Maumivu yasiyotulia kwa kiwango sahihi hayadai kidonge cha ziada. Yanadai uchunguzi. Mgongo unaouma miezi mitatu unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, mawe kwenye figo au diski iliyohama, na diklofenaki itakuwa inaficha tu hadi hali iharibike.

Makosa yanayowapeleka watu hospitali

*"Nachoma sindano ili tumbo lisiumie."* Hapana. Diklofenaki huumiza tumbo kwa kupitia damu, hata ikichomwa kwenye msuli. Sindano inakwepa mdomo, haikwepi madhara. Tena sindano ikichomwa na asiye na ujuzi inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu na kumwachia mtu kilema.

*"Nina presha lakini nimezoea."* Hapa naomba usome polepole. Mtu anayetumia kaptopril au lisinopril pamoja na dawa ya kukojoza kama Lasix, kisha akaongeza diklofenaki au ibuprofeni, anazibana figo zake kutoka pande tatu kwa mpigo. Akiharisha au akipungukiwa maji siku hizo, figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache. Wazee wetu wengi wako kwenye kundi hili, na wajukuu ndio tunaowanunulia dawa ya magoti bila kumwambia muuzaji kwamba bibi ana presha.

*Mjamzito kumeza Brufen au diklofenaki.* Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi dhidi ya familia hii kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito, kwa sababu inaweza kuumiza figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Mjamzito aanzie kliniki, asianzie dukani.

*Homa ya ghafla na viungo kuuma.* Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mwenye dengi akimeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, anaweza kuvuja damu. Homa ambayo haijapimwa itulizwe kwa parasetamoli peke yake hadi majibu ya maabara yatoke. Na aspirini asipewe mtoto wa chini ya miaka 16 bila agizo la daktari.

*Tramadoli pamoja na pombe au dawa ya usingizi kama Valium.* Kila kimoja kinapunguza kasi ya pumzi. Vikikutana, mtu analala na hainuki. Tramadoli ikizidi huleta pia degedege, hata kwa mtu asiye na kifafa.

*Kumeza kabla ya kazi.* Wapo wabeba mizigo, madereva wa masafa marefu na vijana wa machimboni wanaomeza ili wasisikie maumivu yatakayokuja. Maumivu ndiyo yanayouambia mwili upumzike. Ukiyazima kila asubuhi, utajua umeumia siku utakaposhindwa kuinuka.

*Kugawana.* Dawa aliyopewa jirani baada ya upasuaji ilipimwa kwa uzito wake, figo zake na ugonjwa wake. Vidonge vinavyobaki vipelekwe kwa mfamasia, visiwekwe kabatini kusubiri mgonjwa mwingine.

"Lakini mimi sijawahi kupata shida"

Najua jibu hili, na ndilo linalonitia hofu kuliko mengine. Figo hazilii. Kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoangalia figo, kinaweza kuonekana cha kawaida huku sehemu kubwa ya uwezo wa figo imeshapotea. Kidonda cha tumbo nacho kinaweza kuvuja damu bila maumivu, kwa sababu dawa yenyewe inayazima.

Wengine mtasema, "Daktari ndiye aliyeniandikia." Sawa, lakini aliandika kwa siku ngapi? Cheti cha siku tano kilichotumika miezi mitano si cha daktari tena. Rudi kwake. Kama ni lazima uendelee, atakupima figo na presha, na huenda akakuongezea dawa ya kulinda tumbo kama omeprazole.

Upande wa pili nao nausema kwa uzito uleule: tusiwatishe wanaohitaji dawa kali. Mgonjwa wa saratani, mtu wa seli mundu aliye kwenye mshtuko wa maumivu, mtu aliyetoka kupasuliwa, wana haki ya mofini, na mofini ikisimamiwa vizuri ni tiba ya heshima. Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa ikiwapa wagonjwa mofini ya kunywa, na Uganda imejulikana duniani kwa mofini ya maji tangu Hospice Africa Uganda ianze kazi mwaka 1993. Usimnyime mama yako dozi iliyoandikwa kwa sababu umesikia "inalevya". Mfuatilie, mwandikie saa, ongea na daktari wake.

Umeshindwa kuacha?

Dalili ni hizi: dozi ya zamani haitoshi, unazunguka maduka matatu kuitafuta, unaificha kwa mwenzi wako, ukiikosa unatoka jasho, unaharisha, mwili wote unauma na usingizi haupo. Huo ni utegemezi, na unatibika.

- Kama umetumia tramadoli au kodeini kwa wiki nyingi, usikate ghafla peke yako. Daktari atakupunguzia kidogokidogo.
- Mweleze idadi halisi ya vidonge. Ukimpunguzia namba kwa aibu, mpango wake utakuwa wa mtu mwingine.
- Nenda hospitali ya mkoa, ulizia kitengo cha afya ya akili. Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni mwaka 2011 kwa ajili ya waathirika wa heroini, na huduma hiyo imesambaa mikoa mingine. Wahudumu wa huko wameshaona hali kama yako mara nyingi.
- Mpe mtu mmoja unayemwamini akutunzie dawa na kukupa dozi ya siku moja moja.

Dalili zisizosubiri asubuhi

- Kutapika damu, au matapishi meusi kama machicha ya kahawa.
- Choo cheusi kinachonata kama lami. (Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi. Kama unavitumia, sema, lakini kapimwe.)
- Mkojo kupungua sana au kukatika, uso na miguu kuvimba.
- Macho kuwa ya njano.
- Kupumua kwa taabu, midomo kuvimba au vipele mwili mzima baada ya kumeza.
- Degedege.
- Usingizi mzito usioamshika, pumzi chache, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hii ni dozi ya afyuni iliyozidi.
- Mtu yeyote aliyemeza parasetamoli nyingi kwa mara moja, hata kama anacheka na kula.

Hiyo ya mwisho inadanganya familia nyingi. Siku ya kwanza mgonjwa anaweza kuwa na kichefuchefu kidogo tu au asiwe na dalili kabisa. Ini huanza kufa siku ya pili na ya tatu. Dawa ya kuzuia hilo, asetilisisteini, ikianzwa ndani ya saa 8 tangu kumeza, huokoa karibu kila mtu. Ikichelewa, nguvu yake hupungua. Saa ulizotumia kubishana sebuleni ndizo alizozihitaji.

Kama alimeza kwa kukusudia, usimgombeze wala usiitishe kikao cha ukoo usiku huo. Mpeleke, na usimwache peke yake hata chooni.

Dakika za kwanza nyumbani

1. Mwite kwa sauti, mtikise bega. Angalia kifua: kinapanda?
2. Hajitambui lakini anapumua: mlaze kwa ubavu, kichwa kiinamishwe kidogo kwa nyuma ili njia ya hewa iwe wazi. Asilale chali, atapaliwa na matapishi.
3. Hapumui: anza kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi, na kama unajua kumpulizia pumzi, mpulizie. Usiache hadi msaada ufike.
4. Tafuta usafiri uliopo. Kama gari la wagonjwa liko mbali, gari la jirani linatosha. Bodaboda haifai kwa asiyejitambua.
5. Beba vidonge vilivyobaki, boksi, bahasha, hata vilivyookotwa chini. Andika saa aliyomeza.

Na haya msiyafanye: msimpe maziwa, msimnyweshe mafuta, msimtapishe kwa vidole, msimmwagie maji ya baridi. Maziwa hayaondoi sumu ya dawa. Kumtapisha mtu mwenye usingizi ni kumjaza matapishi mapafuni. Na kile kukoroma kizito ambako watu husema "mwacheni alale, atazinduka" kunaweza kuwa sauti ya mtu anayekosa hewa.

Sasa bili

Kwanza, uende wapi? Kituo cha karibu chenye oksijeni, daktari wa zamu na damu. Kwa tatizo linaloweza kusubiri, kuanzia zahanati au kituo cha afya na kupanda kwa rufaa hupunguza gharama sana. Kwa dharura niliyoitaja hapo juu, karibu ndiyo nafuu. Ukifika sema neno "dharura" na utaje dawa, idadi na saa. Daktari asiyejua mgonjwa amemeza nini atalazimika kupima kila kitu, na kila kipimo kinaingia kwenye bili. Ile picha ya boksi kwenye simu yako inaokoa fedha.

Fedha zinakwenda wapi? Kumwona daktari, kitanda, maabara, dawa, kamera ya tumbo kwa anayevuja damu, chumba cha uangalizi maalumu kwa aliyezimika. Figo zikigoma, kusafisha damu hufanyika kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kila mara karibu saa nne, na hapo hujahesabu nauli na mahali pa kulala kwa aliyetoka mkoani. Mtu aliyeacha diklofenaki mapema, mkojo ulipoanza kupungua, ana nafasi kubwa ya kupona bila mashine.

Ukiwa dirishani kwa mhasibu:

- Omba mchanganuo. Bili iandikwe kitu kwa kitu. Uliza kwa adabu: "Kipi kinahitajika usiku huu, kipi kinaweza kusubiri?" Daktari mwungwana hakereki na swali hilo.
- Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na udai risiti. Usimpe mtu fedha mkononi kwenye korido, hata akiwa amevaa koti jeupe.
- Damu haiuzwi. Familia inaweza kuombwa ilete wachangiaji, na ni vizuri mkachangie. Ukiombwa fedha ya chupa ya damu, nenda kwa mganga mfawidhi.
- Mtafute afisa ustawi wa jamii siku ya kwanza, msisubiri siku ya kuruhusiwa. Kwa sera ya afya ya Tanzania, wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha katika vituo vya umma, na asiyejiweza kabisa anaweza kufikiriwa. Barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji itahitajika, kwa hiyo mmoja wenu aifuatilie asubuhi hiyohiyo.
- Chagueni mtu mmoja wa kushika michango na risiti. Fedha zikipita mikono mitano, ugomvi hauishi hata mgonjwa akipona.

Kosa baya kuliko yote hapa ni kumtoa mgonjwa mapema ili bili isikue. Aliyezidisha tramadoli akichomwa naloksoni, dawa ya kupinga afyuni, anaweza kuamka ndani ya dakika chache, akaomba chai. Lakini naloksoni huisha nguvu mapema, mara nyingi kabla tramadoli haijatoka mwilini, na mgonjwa anaweza kuzimika tena akiwa ndani ya bajaji. Aliyemeza parasetamoli naye huonekana mzima siku ileile ini lake linapopigana. Subirini daktari aseme.

Kwa wasomaji wetu wa Kenya: Katiba ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Itajeni mnapokwamishwa getini kwa kukosa amana. Tangu Oktoba 2024 mfuko wa bima ya afya wa SHIF umechukua nafasi ya NHIF. Jisajilini kabla ya kuugua, kwa sababu usajili wa saa nane usiku, mgonjwa akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, ni mateso.

Tanzania nako Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Uliza serikali ya mtaa wako au ofisi ya bima iliyo karibu ni kifurushi kipi unakimudu, na ufanye hivyo ukiwa mzima. Nina ombi pia kwa vikundi vyetu. VICOBA na vyama vya kufa na kuzikana vingi vina fungu la msiba: turubai, sufuria, sanda, basi. Vichache vina fungu la mgonjwa. Mchango mdogo wa kila mwezi, uliotengwa kwa ajili ya saa za kwanza za dharura, utawapunguzia kununua sanda. Lipelekeni jambo hili kwenye kikao kijacho.

Na kama nyumbani kwako kuna mtu anayemeza dawa ya maumivu karibu kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, mpeleke wiki hii kituo cha afya apimwe presha, kreatinini na wingi wa damu. Mbebee boksi la dawa yake.